Moto Guzzi Le Mans ya 1977 inauzwa hapa Arusha: mgongo utaiweza, au nitafute kitu cha kukaa wima?

Kisongo_Mjini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mzee wa Kitaliano hapa Njiro anauza vyombo arudi kwao. Kabati, jenereta, jokofu, halafu nyuma kabisa ya gereji, chini ya turubai, Moto Guzzi Le Mans 850 ya 1977. Nyekundu, ina kile kikava kidogo cha mbele chenye rangi ya chungwa kali kuzunguka taa. Kadi anayo, namba ya chesisi na ya injini nimezisoma mwenyewe, zinalingana. Akaiwasha mbele yangu. Ukipiga resi ikiwa imesimama, pikipiki nzima inalalia kulia. Nilicheka peke yangu.

Sasa shida. Mimi nimekulia kwenye Honda XL za miradi, unakaa wima unaona mpaka shamba la jirani. Hii ni habari nyingine. Usukani ni vipande viwili vifupi vilivyobanwa kwenye shokapu za mbele, chini kabisa. Miguu inarudi nyuma. Kitambi kinagusa tangi. Nilikaa tu pale gerejini kwake, haijatembea hata mita moja, na viganja vikaanza kulalamika. Nina miaka 48 na mgongo wa mtu wa ofisini.

Matumizi ni ya Jumapili: Arusha–Moshi na kurudi, mara moja moja Namanga au Karatu. Niichukue? Au niiache nitafute Guzzi ya zamani yenye usukani wa juu? Waliowahi kumiliki pikipiki za Kitaliano za mbio, karibuni. Wa bei tuonane pembeni.

Boda_Mstaafu

Mkuu hela hiyo unapata Boxer ngapi mpya? Unakabidhi vijana, jioni unaletewa hesabu, mgongo uko kwenye sofa. Nimemaliza.

Kisongo_Mjini

Boda_Mstaafu hata kwenye uzi wa Land Rover ulisema hivyo hivyo. Wengine?

Mzee_wa_Himo

Kijana, salama?

Nimewahi kuwa na Le Mans, nikaiuza, nikajuta, nikatafuta nyingine. Ducati nazo nimezipanda. Idadi siitaji humu maana mama watoto husoma jukwaa hili.

Watu huongea kana kwamba Wataliano walisahau kuweka raha. Hawakusahau. Lino Tonti, mhandisi wa Moto Guzzi, alipochora fremu ya V7 Sport, iliyotoka 1971, alitaka pikipiki ya chini, iliyoshikamana, isiyoyumba kwenye kona ndefu. Le Mans ikarithi fremu ya ukoo huo. Ilioneshwa Milano mwishoni mwa 1975, mwaka uliofuata ikaingia sokoni na injini ya sentimita za ujazo 844, farasi 71 kwa maneno ya kiwanda, ikivuka 200 kwa saa. Pikipiki ya mwendo huo haikaliwi wima. Jaribu kukaa wima kwenye 150 uone: upepo unakusukuma kifua, mikono ndiyo inakuzuia usiondoke, na shingo inakufa ganzi kabla hujafika popote. Ukiinama, upepo ule ule unaingia chini ya kifua na kukubeba, viganja vinapumzika.

Ubaya ni kwamba upepo wa kukubeba haupatikani mjini. Nguvu yake haipandi sambamba na mwendo. Ukitoka 60 ukafika 120, mwendo umezidi mara mbili lakini upepo umezidi mara nne. Kwa hiyo pale Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, unapotakiwa uwe kwenye 50 na vijana wa tochi wamekaa chini ya mti, hakuna cha kukubeba. Kichwa, helmeti, kifua, vyote viko juu ya viganja viwili. Weka na matuta. Arusha–Moshi ni kama kilomita 80, na kwa Le Mans zote ni adhabu isipokuwa vipande vichache baada ya njia panda ya KIA. Wewe ndiyo njia unayoitaja kwanza!

Sasa chukua pikipiki hiyo hiyo, toka Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Longido mpaka Namanga. Barabara imefunguka, kona ni ndefu na unaiona mwisho wake, Meru iko kulia. Ukitulia kwenye 110, mikono unaisahau. Nimewahi kufika Namanga sina maumivu yoyote, nikarudi, nikaumia kuanzia Sakina mpaka Philips. Kipande kidogo hicho!

Ukiniuliza raha au mwendo, na mimi nakuuliza: unaenda wapi?

900SS_Kiboriloni

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe nusu.

Nina Ducati 900 Supersport ya 1992, ile ya kabureta, cc 904, klachi kavu inayogongagonga mpaka watu wa sheli wananiambia fundi yupo pale nyuma. Mzee ameongelea upepo na sina ubishi. Lakini amefanya kama vile uhodari wa pikipiki hizi ni kwenda mbio kwenye mstari ulionyooka. Mimi karibu sijawahi kuitembeza mbio hivyo na sioni kama naidhulumu.

Uhodari wake uko kwenye tairi la mbele. Ukiinama vile, uzito wako uko juu ya gurudumu la mbele, na kila punje ya mchanga inakufikia mikononi. Panda kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni, endelea Mwika mpaka Rombo. Kona zimefuatana kwenye migomba, mwendo ni 60, 70, haufiki hata 80. Pale Ducati inakwambia mapema kama lami ina maji, kama kuna udongo umemwagika kutoka kwenye tipa. Nimepita njia hiyo na pikipiki kubwa za kukaa wima za marafiki. Ni nzuri, siti ni tamu, ila mbele kumekaa kimya, husikii kitu.

Kinachoniua ni kushuka. Kutoka Marangu kwenda Himo ukishika breki mwili wote unadondokea viganjani. Dawa ni magoti: bana tangi kwa magoti kabla hujashika breki, viwiko vikunje kidogo, usukani ushike kwa vidole tu. Tumbo na mapaja vifanye kazi. Mtu anayenyoosha mikono na kuiegemea atalia hata akiwa na miaka 20.

Mangi_Mpole

Ducati ndiyo ile yenye mikanda ya kubadilisha kila siku?

900SS_Kiboriloni

Si kila siku. Mikanda ya taimingi inabadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama imekaa stoo. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na hapo ndiyo utauza shamba. Halafu kuna desmo. Injini za kawaida, springi ndiyo inafunga valvu. Ducati wana mkono mwingine wa kuifunga, kazi ya mhandisi wao Fabio Taglioni tangu miaka ya 50. Maana yake kila valvu ina nafasi mbili za kupima, ya kufungua na ya kufunga. Yangu ina valvu nne, kwa hiyo vipimo vinane. Kaa na chai.

Rafiki yangu Nairobi ana Ducati 916. Pikipiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwa macho, mbunifu Massimo Tamburini aliichora hakuna cha kuongeza. Ila ekzosi ziko chini ya siti. Kwenye foleni anasimama mwenyewe bila kuombwa.

Mama_Wawili

Samahanini kaka zangu, mnaongelea raha ya nani? Mimi ni abiria wa mmoja wenu, humu ndani yumo, simtaji. Siti ya nyuma ya hizo pikipiki ni ahadi tu. Nilipelekwa Marangu nimekaa kama kuku juu ya tenga, magoti kwenye mbavu zake, na kila akishika breki helmeti zinagongana. Kurudi nilipanda Noah.

Kisongo_Mjini, kama shemeji yetu anategemea kwenda nawe Karatu, mwoneshe siti kwanza kabla hujalipa.

Kisongo_Mjini

Mama_Wawili nimemwonesha picha. Ameuliza sehemu ya pili ya siti iko wapi.

Mzee wa Himo, shikamoo, na ahsante. Hiyo ya upepo sikuwahi kuiwaza namna hiyo.

Binti_wa_Tengeru

Niongeze jambo ambalo wanaume warefu hamlioni. Mimi ni mfupi. Pikipiki za kukaa wima mnazozisifu, zile za safari ndefu, siti iko juu, nikisimama kwenye mataa ya Sanawari nagusa lami kwa ncha za vidole. Zile kwangu ndizo zisizo na raha. Le Mans niliwahi kuijaribu ya mgeni mmoja aliyekuwa anapita kutoka Cairo kwenda Cape Town. Siti iko chini, miguu yote miwili imekanyaga, pikipiki nyembamba katikati. Tatizo langu lilikuwa tangi. Ni refu, usukani uko mbali, nikawa nimejinyoosha mpaka mabega yakauma. Mtu mwenye mikono mirefu na kiuno chepesi ataikaa vizuri hata akiwa na miaka 60.

Kwa hiyo mkuu usipime kwa umri. Kaa juu yake, bana tangi kwa magoti, halafu achia mikono yote miwili huku umeinama vile vile. Ukiweza kukaa hivyo muda kidogo bila kudondokea tangi, utaiweza. Ukishindwa, anza mazoezi ya tumbo.

Fundi_UngaLtd

Naona mmeongea sana kuhusu mkao, hakuna aliyeuliza pikipiki yenyewe ni nzima. Kuna maumivu ya mkono yanayotoka kwenye pikipiki na yanatibika kwa spana.

Nimefungua Guzzi kadhaa hapa. Kazi yake si ngumu, injini ya mzee wa Njiro ni ya mtu yeyote anayeweza kuseti tapeti (nafasi za valvu) kwa skrubu na nati. Silinda mbili zimetokeza nje huku na huku, unafungua kava za valvu tu, hakuna kingine cha kushusha. Hakuna cheni, ni shafti. Klachi ni kavu, ya mfano wa gari. Lakini sikiliza haya.

Kabureta zake ni Dell'Orto za milimita 36, na springi zake ni ngumu mno. Watu wanasema mkao unaua kiganja cha kulia, kumbe nusu ya maumivu ni kupigana na springi hizo kutwa nzima. Zipo laini zaidi, weka hizo, osha kebo, paka oili, utashangaa. Klachi hivyo hivyo, kebo kavu inaifanya iwe nzito maradufu.

Pili, kabureta hizo zilitoka kiwandani hazina chujio la hewa. Ni vikombe vimeelekea nyuma, vina wavu tu. Mandello del Lario, kilipo kiwanda, iko kando ya ziwa, lami mpaka mlangoni. Huku una vumbi la Kisongo na la Makuyuni, na nyuma ya lori la Minjingu unavuta mbolea kabisa. Na silinda za toleo lile ni aluminiamu iliyopakwa kromu ndani. Kromu ikichubuka haichongwi, unabadilisha silinda. Chubuko la kromu na vumbi lisilochujwa vikikutana, injini imekwisha. Kwa hiyo fungua plagi, ingiza kamera ile ya waya, angalia ukuta wa silinda. Mwaga oili kwenye beseni safi uangalie juani kama kuna vipande vinavyong'aa. Halafu ukishainunua, tafuta vichujio vya kubana kwenye kabureta. Wapenda asili watakupigia kelele, waache.

Tatu, mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13, na jeti (vitundu vya kupitisha mafuta kwenye kabureta) zilipimwa kiwandani karibu mita 200 tu kutoka usawa wa bahari. Plagi nyeusi, moshi, pikipiki nzito ukivuta: si ugonjwa, ni mafuta mengi kuliko hewa. Shusha jeti kuu saizi moja au mbili. Ukishuka Moshi, mita 900 na kitu, bado itakwenda. Ukishuka nayo Tanga, rudisha jeti za zamani, usitembee na injini yenye njaa ya mafuta kwenye joto lile.

Nne, tairi. Rimu ni za inchi 18. Vijana watakwambia tairi za bodaboda za inchi 18 zinaingia. Kata kabisa. Soma herufi pembeni ya tairi: H ni mpaka 210 kwa saa, P ni 150. Pikipiki ya zaidi ya kilo 200 inayovuka 200 haivalishwi tairi ya kubebea magunia. Na soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT hapo hapo pembeni, ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lililokaa chini ya turubai kwa mzee linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na limekuwa jiwe. Tairi jiwe nalo linapiga mikono.

Boda_Mstaafu

Fundi umenifungua macho. Nimerudi palepale: Boxer.

Mangi_Mpole

😂😂 huyu jamaa.

Wakuu, nje ya mada kidogo. Laverda ni hao hao wa mashine za kuvuna ngano? Babu alikuwa na kombaini yenye jina hilo.

Mzee_wa_Himo

Ukoo ni ule ule, Mangi, wa Breganze. Walianza na mashine za kilimo karne ya 19, pikipiki zikaja baada ya vita. Jota yao ya 1976, silinda tatu, cc 981, ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kasi kuliko zote zilizouzwa wakati ule. Klachi yake mkono mmoja hautoshi. Ukilinganisha na hiyo, Le Mans ni kochi.

Kisongo_Mjini

Mrejesho. Mzee amenipa niijaribu, yeye akiwa nyuma kwenye gari lake anafuata.

Tulitoka Njiro, tukaingia barabara ya mchepuo, tukaelekea upande wa Kisongo. Mwanzoni nilitaka kurudi. Gia za kwanza mbili nzito, pikipiki inanesa nyuma kila nikifungua mafuta, kumbe ndiyo tabia ya shafti, mzee alikuwa ameniambia nikasahau. Breki zikanishangaza zaidi. Ukikanyaga ya mguu, inashika ya nyuma pamoja na diski moja ya mbele. Ya mkono inashika ile diski nyingine ya mbele tu. Kwa mtu wa XL unakanyaga kidogo kwa mazoea, pikipiki inatulia chini yote kwa pamoja, haizamishi pua. Tuta la kwanza nikaliona mapema na nikalipita kwa adabu.

Halafu barabara ikafunguka. Kama 100 hivi, gia ya nne, ikaacha kutikisika. Sijui niseme nini. Mlio ukawa mzito na wa chini, vioo vikatulia, na ile kauli ya mzee kuhusu upepo nikaisikia kifuani kweli. Nikaachia vidole, mikono haina uzito. Nikageuka kurudi, foleni ya jioni, na kila nilichosema kwenye uzi huu kuhusu viganja nakirudia mara mbili. Kufika Njiro kidole gumba cha kushoto hakina habari.

Nimempa advansi.

Sasa naomba mnisaidie: nibadilishe mkao kwa kiasi gani bila kuiharibu? Nimeona mtandaoni watu wanaweka usukani wa juu kabisa.

900SS_Kiboriloni

Hongera mkuu! Usukani wa juu hapana tafadhali. Ukikaa wima huku miguu imebaki nyuma, uzito wote unashuka kwenye uti wa mgongo, na kila shimo linapiga kiunoni badala ya mikononi. Itabidi ushushe na vikanyagio, kisha ubadilishe kebo zote, kisha tairi la mbele liwe jepesi. Mwisho unakuwa na pikipiki ya kukaa wima iliyo mbaya kuliko zile zilizozaliwa hivyo.

Mzee_wa_Himo

Hapo tuko pamoja na kijana wa Kiboriloni.

Inua kidogo tu. Kuna vibano vya usukani vinavyopandisha mshiko sentimita tatu mpaka tano na kuusogeza nyuma kidogo. Kwa mtu wa umri wako hizo sentimita tatu zinatosha. Ukishafunga, pikipiki ikiwa imesimama, kata usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, na injini inawaka. Angalia kidole kisibanwe na tangi, na usikilize kama sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inapanda: ikipanda, kebo ya mafuta imevutika, ni fupi. Paipu ya breki nayo isikunjike. Mtu akiruka hatua hii, pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe kwenye kona ya kurudi nyumbani.

Levi za klachi na breki zizungushe ziangalie chini, mkono na kiganja viwe mstari mmoja. Hiyo ni bure na inasaidia kuliko vitu vingi vya kununua.

Siti. Ile ya asili ni kipande kimoja cha sponji ya kumwaga, inapanda mpaka juu ya tangi, na karibu zote zimepasuka pale mbele. Ya mzee imepasuka?

Kisongo_Mjini

Imepasuka, mzee. Ameifunga na selotepu nyeusi.

Mzee_wa_Himo

Basi itoe, isafishe, iweke juu ya kabati. Usimpe fundi wa makochi aichane. Tengeneza siti nyingine juu ya bati la peke yake, mwambie fundi aweke sponji ngumu chini na laini nyembamba juu, mbele iwe nyembamba ili magoti yabane, na sehemu ya kukalia isiteremke kuelekea tangi. Mteremko huo ndio unaokusukuma mbele, ukifika mbele unaegemea mikono. Watu wanalaumu usukani, kumbe ni siti.

Na ratiba yako ibadilishe. Moshi nenda alfajiri, kabla ya daladala, urudi mapema au ulale. Namanga nenda muda wowote.

Mama_Wawili

Na shemeji?

Kisongo_Mjini

Shemeji atakuja na gari, tutakutana Longido kwenye nyama.

Fundi_UngaLtd

Mkuu, kitu kimoja kabla mzee hajaondoka. Chujio la oili la hiyo injini liko ndani ya sampu. Kulibadilisha lazima ushushe sampu nzima, bolti zote, na gasketi yake hapa mjini hutaikuta dukani. Wazee hawa huwa na boksi mahali. Mwulize kama ana gasketi ya sampu, za vichwa vya valvu, na jeti zozote za Dell'Orto, hata zikiwa kwenye kopo la maziwa. Akikuonesha kopo, chukua kopo lote.

Kisongo_Mjini

Nimempigia sasa hivi. Anasema kuna makopo mawili na kitabu cha spea chenye michoro, ila mke wake ameshaviweka kwenye rundo la kutupa. Natoka naenda Njiro.